Tumbo Linaloumwa Siku za Shule

Bibi mmoja alimleta mjukuu wake hospitalini kwetu kwa mara ya tatu katika muda wa mwezi mmoja. Mtoto alikuwa na umri wa miaka mitano na alikuwa akisoma vidudu. Bibi alieleza kwamba kila asubuhi tumbo linamkata, uji hanywi, na usiku ameanza tena kukojoa kitandani ilhali aliacha zamani. Mara ya kwanza tulimpima malaria na choo, hatukuona kitu, akaondoka na dawa ya minyoo. Mara ya pili tulipima mkojo, nao ulikuwa safi. Mara ya tatu nilikuwa nimekwisha kushika kalamu nimwandikie vipimo vingine, ndipo bibi akasema jambo ambalo mimi nilipaswa kuliuliza tangu siku ya kwanza: "Lakini nesi, Jumamosi na Jumapili haumwi."

Minyoo haijui kalenda. Niliweka kalamu chini.

Nilimpa mtoto kizibo cha chupa achezee, nikamwomba aniimbie wimbo wanaoimba shuleni. Hakuimba. Alikigonga kile kizibo mezani, akakunja uso, akasema kwa sauti nzito: "Nyamazeni! Nitawachapa wote!"

Nilipowasimulia wenzangu, wote walimlaumu mwalimu, na mimi pia nilimlaumu. Majuma mawili baadaye akaja dada mmoja kupima presha. (Mambo kadhaa nimeyabadilisha ili wahusika wasitambulike, na wenyewe wameniruhusu kuandika.)

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Unasumbuliwa na nini?"

"Kichwa, mama. Na usingizi sipati."

Umri wake ulikuwa haujafika miaka 30, na presha yake ilisoma 160 kwa 100. Nilipomwuliza kazi yake nikagundua kuwa ndiye mwalimu wa yule mtoto. Alikuwa na watoto 68 peke yake katika chumba kimoja. Posho yake ilitokana na michango ya wazazi, na kwa miezi mitatu hakuwa amepata kitu. Tangu saa moja na nusu asubuhi hadi saa sita hakwenda chooni, kwa kuwa hakuwa na mtu wa kumwachia watoto. Basi aliona afadhali asinywe maji kabisa. Mkojo ulikuwa ukimwunguza, na sauti ilikuwa imekauka kwa kupiga kelele. Akaniambia, "Mama, nikifika nyumbani mwanangu akiniita tu, natamani kulia. Sikuwa hivi. Mimi nilikuwa napenda watoto."

MWILI UNAFANYA NINI?

Wengi wetu tukisikia "msongo wa mawazo" tunadhani ni jambo la kichwani tu, au ugonjwa wa watu wenye nafasi ya kufikiri sana. Sivyo. Mwaka 1936 mtafiti Hans Selye, aliyekuwa akifanya kazi Montreal nchini Kanada, alieleza jambo aliloliona kwa panya. Wengine waliwekwa penye baridi, wengine walijeruhiwa, wengine walichoshwa, wengine walipewa sumu kidogo. Mashaka yalikuwa tofauti, lakini miili ilijibu namna moja: tezi zinazokaa juu ya figo zilikua kupita kiasi, na matumbo yalipata vidonda.

Binadamu naye akihisi hatari, tezi hizo humwaga damuni adrenalini na kotisoli. Moyo huenda mbio, presha hupanda, sukari huongezeka katika damu, na damu huelekezwa kwenye misuli ili mtu apigane au akimbie. Tumbo halina kazi wakati huo, kwa hiyo usagaji wa chakula hupungua. Ndiyo maana mtu mwenye hofu hukosa hamu ya kula, husokotwa na tumbo, au huenda haja mara kwa mara. Hatari ikipita, mwili hutulia. Shida ni pale hatari inaporudi kila siku saa moja na nusu asubuhi.

Mtu mzima ana njia za kujituliza. Mtoto wa miaka minne hana, kwa maana sehemu ya mbele ya ubongo inayozuia hasira na hofu huendelea kukomaa hata baada ya miaka 20. Yeye huazima utulivu kwa mtu mzima aliye karibu naye. Huko Marekani, Edward Tronick na wenzake waliandika mwaka 1978 kuhusu jaribio walilofanya: mama acheze na mtoto wake mchanga, kisha kwa dakika chache aukaushe uso, asicheke wala asiseme. Mtoto alitabasamu, akajaribu kumrudisha mama mchezoni, aliposhindwa akageuza uso pembeni akinyong'onyea. Hakuna aliyemgusa wala kumkaripia. Uso wa mama tu ulitosha.

Sasa fikirini uso wa mwalimu mwenye presha ya 160, mbele ya watoto 68. Yeye anawatisha watoto kwa sababu amezidiwa. Watoto wakitishika wanalia na kusukumana. Naye anazidiwa zaidi. Siwezi kumtibu mmoja nikamwacha mwingine.

Sera ya elimu ya mwaka 2014 iliufanya mwaka mmoja wa elimu ya awali kuwa wa lazima Tanzania, na ada zilipoondolewa katika shule za serikali mwaka 2016 watoto wengi waliandikishwa. Ni jambo jema sana. Lakini kiwango kinachotakiwa ni mwalimu mmoja kwa watoto 25 wa awali, na kila mzazi anaweza kwenda kuhesabu vichwa katika darasa la mtoto wake. Darasa la vidudu linaloendeshwa na parokia au na mtu binafsi nalo lihesabiwe vilevile.

Shirika la Afya Duniani mwaka 2019 liliingiza katika orodha yake hali ya kuchakaa kwa sababu ya kazi. Halikuiita ugonjwa, lilisema ni matokeo ya msongo wa kazini usioshughulikiwa. Dalili ni tatu: nguvu kwisha, moyo kuichukia au kujitenga na kazi, na kuona kwamba unachofanya hakizai kitu. Yule dada alikuwa nazo zote tatu.

TULIFANYA NINI

Tulimtibu mkojo na kumwandikia siku za kurudi kupima presha, kwa sababu kipimo cha siku moja hakitoshi kusema mtu ana ugonjwa wa presha. Nilimwambia jambo la kwanza ni kunywa maji na kwenda chooni. Alicheka, lakini mwanamke anayebana mkojo saa nne au tano kila siku anakaribisha wadudu kwenye kibofu. Kwa hiyo lazima awepo mtu wa pili darasani.

Wazazi walipoitwa, mama mmoja alisema kazi ya mwalimu ni yake, sisi tuna mashamba. Ni kweli, mashamba yapo. Hata hivyo walipatikana kina mama wanane na babu mmoja mstaafu, wakapangiana zamu: kila siku mmoja kuanzia kuingia hadi watoto wanywe uji. Huyo babu amekuwa hazina. Anakaa na kundi la watoto chini ya mwembe, wanapanga vizibo vya soda na kuvihesabu, na mwalimu anabaki na nusu ya darasa.

Mwalimu mwenyewe alijifunza mambo madogo. Anapoona hasira inapanda, hapandishi sauti. Anapiga makofi kwa mdundo na watoto wanajibu. Kisha anavuta pumzi kwa kuhesabu hadi tatu na kuitoa taratibu kwa kuhesabu hadi sita, mara tano. Kutoa pumzi polepole hupunguza mwendo wa moyo. Watoto nao amewafundisha, akiwaambia wapoze uji wa moto. Anafuata ratiba ileile kila siku, kwa kuwa mtoto anayejua kitakachofuata hana haja ya kuogopa.

Kuhusu fimbo, najua baadhi yenu mtanipinga. Mimi mwenyewe nilichapwa, na mnasema nimekuwa mtu. Lakini nimewaona wanaoletwa wakitetemeka, na mtoto anayetetemeka hashiki hata herufi moja.

Wazazi, na sisi tuna sehemu yetu. Unapomwacha mtoto shuleni usimtoroke, wala usimdanganye kwamba unakwenda kununua pipi. Mwambie ukweli kwa maneno yake: "Utacheza, utakunywa uji, kisha nitakuja." Umwage kwa ufupi, uondoke, na uje kweli. Akirudi kukojoa kitandani, kunyonya kidole, kukung'ang'ania, kuota ndoto mbaya au kumpiga mdogo wake, usimcheke mbele ya watu wala kumwanikia godoro kwa aibu. Mwulize anacheza na nani, nani alilia leo, nani alichekwa. Mtoto mdogo hasemi "ninaogopa", anasema "tumbo". Na michango ya mwalimu ilipwe.

USISEME TU NI MSONGO

Kabla ya kudhani ni hofu ya shule, mlete mtoto apimwe. Mtoto anayekojoa mno, anayekunywa maji mengi na kukonda anaweza kuwa na kisukari. Huyo aje siku hiyohiyo, na akitapika au kuhema haraka asisubiri hata saa moja. Maumivu yanayokuja pamoja na homa, kutapika, damu katika choo, au yanayomwamsha usiku si ya kungojea. Mwenye seli mundu akilalamika tumbo, mlete. Na yule anayeitwa mkaidi kwa kuwa haitiki, mchungulieni masikio kwanza: nimekuta wengi wenye usaha ambao hawakuwa wakisikia kabisa. Mtoto akionyesha kwamba kuna mtu anamuumiza au kumshika vibaya, usimrudishe hapo. Nenda ustawi wa jamii au dawati la jinsia la polisi.

Mwalimu naye akiona hawezi kuamka, hali, au anawaza kwamba heri afe, asijifungie ndani. Aje hospitali, aseme hivyohivyo kama alivyosema.

Yule mtoto alichukua kama majuma sita hadi kitanda kikawa kikavu, na siku moja moja bado hulowa. Presha ya mwalimu wake mara ya mwisho ilikuwa 134 kwa 86, anaendelea na kliniki. Posho ya miezi miwili amelipwa. Ya mwezi wa tatu bado.