Mizeituni Yenye Rekodi, ya Shambani na ya Mwituni

Ukiulizia mzeituni mkongwe kuliko yote, watu wa Krete watakupeleka kijiji cha Vouves. Umri wanaoutaja ni kati ya miaka 2,000 na 4,000. Ubishi hauishi, maana kiini cha shina kimeoza na pete za kuhesabia zimekwenda nacho. Rekodi hiyo nawaachia watalii. Zilizo nzito zimo kwenye jeni, na nyingi zinashikiliwa na miti ya mwituni.

Kwa wingi wa kromosomu hakuna wa kuufikia mzeituni mwitu wa kusini-magharibi mwa Moroko. Mzeituni wa kawaida una 46, wa kisiwa cha Madeira 92. Huu una 138. Kwa uvumilivu, taji ni la ule wa milima ya Hoggar, katikati ya Sahara. Mbegu zake huota kwa nadra, nao huishi kwa kuchipua upya kwenye kisiki.

Mzeituni mwitu uliosambaa mbali zaidi ni wa kwetu Afrika Mashariki. Unaanzia Afrika Kusini, unapita Tanzania, Kenya na Ethiopia, unavuka Uarabuni hadi China. Wakikuyu huuita mutamaiyu, Wamaasai oloirien. Tunda lake ni kokwa na nyama kiduchu, hakuna anayehangaika kulikamua. Ila kijiti chake chenye kaa la moto huingizwa kibuyuni kikasuguliwa pande zote, na maziwa yatakayotiwa humo hunukia moshi. Miti mingine, kwa bahati mbaya, huishia kwenye magunia ya mkaa.

Rekodi ya ajabu zaidi ilitangazwa mwaka 2017. Mimea inayokataa chavua yake yenyewe kwa kawaida huwa na makundi chungu nzima ya uzazi. Mzeituni una mawili tu, kama koo mbili: wa huku huzaa na wa kule, basi. Na kwa kuwa aina moja hupandwa kwa vipandikizi, shamba la miti elfu ya aina hiyo lote ni ukoo mmoja, likisubiri upepo ulete chavua ya jirani.

Hapo Moroko inashika rekodi ya pili, isiyo ya kujivunia: zaidi ya mizeituni 9 katika kila 10 inayolimwa huko ni ya aina moja, Picholine Marocaine. Na Marrakech, nchini humo humo, kuna hifadhi yenye sampuli za mizeituni zaidi ya 500 kutoka nchi 14!

Puglia, Italia, wameshaonja hasara ya kutegemea aina chache. Tangu 2013 bakteria wa Xylella wamekausha mamilioni ya miti, hasa ya aina za Ogliarola na Cellina zilizotawala huko. Aina ya Leccino ilistahimili. Sasa watafiti wanapita kwenye mashamba yaliyokauka wakitafuta miche iliyojiotea, isiyopandwa na mtu, wapime kama kuna yenye kinga.