Simu Imeacha Kuita, Kuku Bado Wanakula



Kuku wa nyama akishafika wiki ya tano hasubiri mtandao. Anakula gramu 150 na zaidi kwa siku, uwe umepata mteja au hujapata. Chukua banda dogo la kuku 100: hapo ni kilo 16 hivi kila siku, maana yake mfuko wa kilo 50 unaisha ndani ya siku tatu. Tangazo likikaa siku tatu bila simu kuita, umeshalipia mfuko mzima kwa kuku ambao walitakiwa wawe wameondoka bandani.

Nimeanza na hesabu hiyo kwa sababu siku hizi swali ninalokutana nalo sana, hapa kata na hata sokoni Ngaramtoni, si la mdondo wala la kantangaze. Ni hili: "Afisa, mbona mtandaoni hawanunui tena?" Wanaouliza wanauza mayai, kuku, karoti, asali, miche ya parachichi. Walishazoea kuweka posti jioni na asubuhi simu inaita. Sasa wanaandikiwa "bei gani?", wakijibu, kimya.

Wengi wakiona hivyo wanashusha bei. Wengine wanalipia tangazo ili lionekane zaidi. Mimi nasema hiyo ni kupulizia dawa kabla ya kujua ugonjwa. Jani la mahindi likiwa njano, inaweza kuwa limekosa naitrojeni, inaweza kuwa maji yametuama kwenye mizizi, inaweza kuwa ni ugonjwa. Kila moja ina tiba yake. Mauzo nayo yakishuka, tafuta kwanza yanavujia wapi.

Daftari lenye safu tano

Chukua daftari la kawaida, chora safu tano: walioona tangazo, waliouliza, waliokubali bei, waliolipa na kupokea, waliorudi kununua tena. Jaza kila jioni kwa wiki nne. Idadi ya walioona unaipata kwenye stetasi ya WhatsApp au chini ya tangazo lenyewe, kama mtandao unaotumia unaionyesha. Zilizobaki unazihesabu mwenyewe.

Wiki nne zikiisha, soma namba zako.

Kama walioona wamepungua sana, lakini katika hao wachache bado wanaouliza na kununua ni wengi, bidhaa yako haina shida. Shida iko sokoni kwenyewe. Mtandao unaweza kuamua nani aone nini, na hakuna anayekuuliza. Januari 2018 Facebook walitangaza kwamba watatanguliza posti za ndugu na marafiki kuliko za kurasa za biashara. Kuanzia hapo mwenye ukurasa wa biashara alijua kwamba kuonekana bure kutakuwa kugumu zaidi. Ongeza na wauzaji wenyewe: ulipoanza kuuza kuku kwenye grupu la mtaa mlikuwa watatu, leo mko arobaini na picha zenu zinafanana.

Kama wanaouliza ni wengi lakini wanaishia kwenye "bei gani", angalia bei ya mlangoni kwake, usiangalie bei ya bandani kwako. Mteja wa Njiro anayetaka trei mbili za mayai anajumlisha na bodaboda kutoka Olmotonyi. Hiyo nauli peke yake inaweza kumeza faida yako yote, au ikamfanya aende duka la jirani yake. Hapo hata ukishusha bei ya trei kwa shilingi 500 hujamsaidia.

Kama wanakubali bei lakini hawalipi, hiyo ni imani. Watu wameshalizwa sana na "tuma nauli kwanza". Mwache alipe akishaona mzigo, mpigie picha kuku wa leo, na taja uzito badala ya kusema "wakubwa wakubwa".

Na kama wanalipa lakini hawarudi, hapo usilaumu mtandao wowote. Pima tena uzito wako, angalia usafi wa mayai, angalia karoti za chini ya gunia zinafanana na za juu au la. Kisha mpigie mmoja aliyeacha kununua, muulize kwa adabu. Atakuambia.

Linganisha mwezi na mwezi wake

Kuna kosa la hesabu ninaloliona sana: kijana analinganisha Januari na Desemba halafu anakata tamaa. Desemba watu wanakula sikukuu. Januari wanalipa ada na sare za shule. Linganisha Januari hii na Januari iliyopita.

Huku kwetu kuna msimu mwingine tusiousahau, nao ni wageni. Hoteli na kampuni za utalii za Arusha huchangamka kuanzia Juni hadi Oktoba, kisha tena mwisho wa mwaka. Aprili na Mei mvua za masika zikikolea, wageni hupungua, na jikoni hawaagizi mboga na mayai kama kawaida. Yule muuzaji mkubwa aliyekuwa anapeleka hotelini anarudi kwenye magrupu yaleyale unayouzia wewe. Usipolijua hilo utadhani wateja wamekuchoka, kumbe ni masika. Kwa hiyo panga tarehe ya kuingiza vifaranga ukiwa na kalenda mkononi.

Kabla hujashusha bei

Fanya hesabu hii, namba ni za mfano tu. Kuku mmoja amekugharimu 7,500, unamuuza 9,000. Faida ni 1,500, kwa kuku 100 ni 150,000. Ukishusha bei kwa 500, faida inabaki 1,000. Ili upate ileile 150,000 inabidi uuze kuku 150. Je, una banda la kuku 150? Una wateja 50 wa ziada? Bei imeshuka kidogo tu machoni, lakini theluthi ya faida imeondoka.

Kushusha bei kuna mahali pake: pale kuku ameshapitiliza na kila siku anayobaki anakula faida yako. Hapo uza haraka. Ila iwe uamuzi wa daftari, isiwe wa hofu.

Mtandao ni shamba la kukodi

Kijana anayelima shamba la kukodi anajua mwenye shamba anaweza kulichukua msimu wowote. Masoko ya mtandaoni ni hivyohivyo. Jumia ilianzia Lagos mwaka 2012, ikaingia mpaka kwetu, na Aprili 2019 ikaorodheshwa kwenye soko la hisa la New York. Novemba mwaka huohuo ilifunga biashara yake ya kuuza mtandaoni Tanzania. OLX nayo, mwaka 2019 biashara yake katika nchi tano za Afrika, Tanzania ikiwemo, ilinunuliwa na Jiji. Kenya, kampuni ya Copia iliyokuwa ikiuzia watu wa vijijini kupitia mawakala iliingia chini ya wasimamizi wa madeni Mei 2024. Mwezi huohuo nyaya za intaneti zilizopita chini ya bahari ziliharibika, na sisi huku tukakaa na intaneti ya kusuasua.

Sisemi uache mtandao. Shamba la kukodi linalipa, watu wanavuna. Ila usijenge nyumba juu yake. Kilicho chako ni namba ya simu ya mtu aliyewahi kula kuku wako na akaridhika.

Kwa hiyo kila anayenunua, muombe ruhusa: "Naomba nihifadhi namba yako, nikitoa kuku wengine nikujulishe?" Akikubali, andika jina, mtaa, alichonunua na tarehe. Kuomba ruhusa ni adabu, na pia tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Namba za wateja usiwape wengine, na anayesema basi, mfute. Mwambie na yeye aihifadhi namba yako, kwa sababu ile orodha ya WhatsApp ya kutuma ujumbe mmoja kwa watu wengi inamfikia tu aliyeihifadhi namba yako kwenye simu yake. Ukiandika kwenye daftari la karatasi ni bora zaidi, maana simu inaibiwa.

Siku moja, njia moja

Ukishakuwa na majina 30 au 40, yapange kwa njia badala ya kuyapanga kwa alfabeti. Sisi tuna bahati ya barabara kuu ya Namanga: Ngaramtoni, Kwa Idd, Sakina, mpaka mjini. Chagua siku moja kwa wiki, tangaza kwamba siku hiyo unashuka na mzigo, na kila kituo mtu achukulie hapo. Ile nauli ya bodaboda iliyokuwa ya mteja mmoja inagawanywa kwa watu kumi na tano. Mkiwa watatu, mmoja ana mayai, mwingine kuku, mwingine karoti na kabichi, mnashuka na mzigo mmoja na mteja anapata kapu zima. Mama lishe na wenye vibanda vya chipsi waingize humo mapema. Hawanunui kwa fujo, lakini wananunua kila wiki.

Halafu geuza mpangilio: oda kwanza, vifaranga baadaye. Badala ya kuingiza 100 kwa mkupuo, ingiza 50, na baada ya wiki mbili 50 wengine, ukijua angalau nusu wana wenyewe. Kundi dogo likikwama, mfuko wa chakula utadumu siku sita badala ya tatu. Hizo siku tatu za ziada ndizo nafasi yako ya kupiga simu, kupeleka Ngaramtoni siku ya soko, au kuongea na mwenye bucha.

Mtandao uendelee kuwa dirisha la duka, mahali ambapo mtu mgeni anakuona mara ya kwanza. Mara ya pili akutafute moja kwa moja.

Kazi ya wiki hii ni ndogo: nunua daftari, chora safu tano, anza leo jioni. Baada ya wiki nne nitumie namba zako, tuzisome pamoja, tujue ni ugonjwa gani kabla ya kununua dawa.