Kitochi Kando ya Kitanda

Anayeishi Nyakabanda, kwenye miteremko ya Wilaya ya Nyarugenge jijini Kigali, amezungukwa na mawimbi ya redio usiku na mchana: FM kutoka minara ya Mlima Jali, mitandao ya simu, Wi-Fi ya jirani. Mgonjwa akirudi nyumbani na pampu ya dawa au mashine ya oksijeni, jamaa zake huinyooshea kidole ile minara. Hofu yao si ya bure, ila inaelekezwa pasipostahili.

Si ya bure kwa sababu yamewahi kutokea. Mwishoni mwa miaka ya 1980 nchini Marekani, kifaa kimoja cha kuchunga pumzi za watoto wachanga kilishukiwa kunyamaza wakati kilipopaswa kupiga king'ora. Wataalamu wa FDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, walipokipima waligundua kuwa hata kituo cha FM kilicho umbali wa zaidi ya kilomita moja kiliweza kukivuruga. Waya za kifuani mwa mtoto zilikuwa antena tosha.

Mwaka 1993 kikatoka kiwango cha kimataifa cha vifaa tiba, IEC 60601-1-2, na toleo la mwaka 2014 likakaza masharti: kifaa cha kutumika nyumbani kistahimili uga wa volti 10 kwa mita, kisha kijaribiwe kana kwamba kuna kirusha mawimbi sentimita 30 tu kutoka kwacho. Mbele ya kifaa kizima cha namna hiyo, FM ya Jali haifui dafu.

Kilicho karibu ndicho cha kuogopa. Umbali ukipungua nusu, nguvu ya uga huongezeka mara mbili. Na hapa kuna jambo linalowashangaza wengi: kitochi, ile simu ya bei nafuu inayotumia 2G, huweza kurusha hadi wati 2 kwa mapigo 217 kila sekunde, wakati simu ya 4G kwa kawaida haizidi wati 0.2. Mapigo hayo ndiyo yale yanayokoroma kwenye spika kabla simu haijaita. Kitochi kikiwa bondeni, mahali ambapo mtandao ni hafifu, hupaza sauti mpaka mwisho. Mnara ukiwa karibu, hunong'ona. Kwa hiyo mnara wa simu mtaani unaweza kuwa nafuu kwa mashine iliyolazwa kando ya simu.

Tangazo la "zima simu" hospitalini halimgusi mlinzi anayepita wodini na redio ya upepo kiunoni. Kwa kanuni iliyotumika miaka mingi, redio ya wati 4 ilipaswa kukaa takriban mita 2.4 kutoka kwenye kifaa cha kawaida. Huyo ndiye wa kuombwa abaki mlangoni.

Halafu kuna bisibisi. Ndani ya plastiki ya mashine nyingi kuna rangi ya metali au bati la kuzuia mawimbi. Fundi akifungua skrubu nane akarudisha tano, kifuniko huacha mwanya. Mwanya mwembamba kama karatasi, ukiwa mrefu, hupitisha mawimbi kuliko tundu dogo la duara. Wenye urefu wa sentimita 16 hivi ni mlango wazi kwa simu ya masafa ya megahezi 900. Kile kidonge cheusi kinachobana waya, ambacho wengine hukikata wakidhani ni pambo, ni feraiti, nacho kina kazi. Mafundi wa vifaa tiba wanaosomea chuo cha ufundi jijini Kigali wana sababu ya kuhesabu skrubu.

Kuna tatizo moja ambalo bati haliliwezi. Mwaka 1998 mjini Dallas, kituo cha televisheni kilipowasha matangazo ya dijitali, vipima moyo visivyotumia waya katika hospitali ya Baylor vilikwama kwa sababu vilikuwa kwenye chaneli ileile. Marekani ikavitengea vifaa hivyo masafa yao mwaka 2000, yakiwemo megahezi 608 hadi 614. Barani Afrika masafa hayo yamo ndani ya bendi ya televisheni. Hospitali ya Kigali ikipokea msaada wa vipima moyo kutoka Marekani, cha kwanza ni kusoma kibandiko cha nyuma na kuuliza RURA, inayogawa masafa nchini, kabla ya kuvichomeka kwenye umeme.