Je, Wajua? Mstari Mmoja Ulioandikwa Mara Mbili
Mwaka 1978, Stephen C. Johnson wa Bell Labs, Marekani, alitunga lint, programu ya kukagua msimbo wa lugha ya C bila kuuendesha. Wapo wanaoiona kero kwa kuwa hulalamikia hata yasiyo na madhara. Ni kweli; lakini Februari 2014 Apple ilirekebisha kasoro iliyotokana na mstari mmoja tu, "goto fail;", uliorudiwa kimakosa. Uhakiki wa sahihi ya seva ukarukwa, na msimbo uliofuata haukufikiwa kamwe. Kompaila ya Clang ilikuwa na onyo la kosa hilohilo, ila chaguo lake la -Wall (eti maonyo yote!) halikuliwasha. Kelele hutibiwa kwa kuzima kanuni zisizofaa, si kuacha ukaguzi. Unaandika C? Ongeza -Wunreachable-code kwenye amri yako ya Clang.