Kamera iliyofichua karata za poka

Mwaka 1973 televisheni ya CBS ilipeleka kamera Las Vegas kuonyesha Mashindano ya Dunia ya Poka. Kilichoonekana ni wanaume waliokaa kimya kuzunguka meza, wakisukuma dau katikati. Mmoja anatupa karata zake, mwingine anazoa fedha. Huyu amekimbia nini? Yule alikuwa na nini mkononi? Aliyekuwa nyumbani hakuwa na njia ya kujua. Kwa karibu miaka 30 poka ilibaki hivyo, tamu kwa anayeicheza na ya kuchosha kwa anayeitazama.

Mwaka 2024 mashindano hayohayo yaliingiwa na watu 10,112 katika shindano kuu, kila mmoja kwa kiingilio cha dola 10,000. Wengi wanaosimulia mabadiliko hayo huanza na intaneti. Mimi naanza na mzee mmoja Myahudi kutoka Poland, na kamera ndogo.

Poka ilianza kutajwa New Orleans mapema katika karne ya 19, ikipanda na kushuka na meli za mvuke za mto Mississippi. Mwanzoni ilichezwa kwa karata 20, baadaye seti nzima ya 52. Askari wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, 1861 hadi 1865, waliicheza kambini na kurudi nayo makwao. Sifa yake ilikuwa mbaya. Agosti 1876, katika mji wa wachimba dhahabu wa Deadwood, Wild Bill Hickok alipigwa risasi ya kisogoni akiwa mezani. Inasimuliwa kuwa mkononi alikuwa na ree mbili na nane mbili. Hata Benny Binion, mwenye kasino aliyeanzisha Mashindano ya Dunia mwaka 1970, alikuwa amewahi kufungwa kwa kukwepa kodi. Mwaka huo wa kwanza hapakuwa hata na fainali: wachezaji walipiga kura kumchagua aliye bora, wakamtaja Johnny Moss.

Poka iliyoshika hatamu Las Vegas ni ile ya Texas. Kila mchezaji anapewa karata mbili za siri. Kisha karata tano zinafunguliwa katikati ya meza, tatu kwa pamoja, halafu moja, halafu moja, nazo ni za wote. Dau huwekwa mara nne: kabla ya karata za katikati, na kila zinapofunguliwa. Ukihisi umezidiwa unatupa zako na kuacha ulichokwisha kuweka. Ukiwaaminisha wenzako kwamba una karata kubwa, wao ndio watakaotupa, na utazoa fedha zote bila kuonyesha chochote. Siri ya kila mtu ni karata mbili tu. Anayeweza kuziona hizo mbili ameuona mchezo mzima.

Henry Orenstein aliliona hilo. Alizaliwa Poland mwaka 1923, akapitia kambi za mateso za Wanazi. Wazazi wake waliuawa. Yeye aliokoka, kwa sehemu, kwa sababu Wajerumani walipotafuta wafungwa wenye elimu ya sayansi alijiandikisha pamoja na ndugu zake, ingawa hawakuwa wanasayansi. Sijui kama yupo mtu aliyewahi kuweka dau kubwa kuliko hilo akiwa na mkono mtupu. Baada ya vita alihamia Marekani, akawa mbunifu wa vitu vya kuchezea watoto, na ni miongoni mwa watu waliofanikisha kuletwa kwa midoli ya Transformers katika soko la Marekani. Poka aliipenda na aliijua: mwaka 1996 alitwaa moja ya mataji ya Mashindano ya Dunia. Katikati ya miaka ya 1990 alijipatia hataza ya meza yenye kamera zinazosoma karata za siri za kila mchezaji.

Kwetu, anayesimama nyuma ya wacheza karata barazani ndiye anayefaidi kuliko wote: anaona mkono wa huyu, anaona wa yule, na roho inamdunda wanapokaribia kukosea. Kamera iliwapa mamilioni ya watu nafasi hiyo. Channel 4 ya Uingereza ilianza kuonyesha poka ya namna hiyo usiku mwaka 1999. Mwaka 2003 kituo cha Travel Channel cha Marekani kikaanza kurusha mashindano ya World Poker Tour.

Mwaka huohuo akatokea Chris Moneymaker. Ndiyo, hilo ni jina lake halisi. Alikuwa mhasibu wa Tennessee mwenye miaka 27. Nafasi ya kuingia Mashindano ya Dunia aliishinda kwenye mtandao wa PokerStars, kupitia mashindano ya mchujo ya kiingilio cha chini ya dola 100. Akafika hadi wawili wa mwisho, akakabiliana na Sammy Farha, mtaalamu aliyezaliwa Lebanon.

Katika duru moja Moneymaker alikuwa na mfalme na saba. Farha alikuwa na malkia na tisa, na tisa nyingine ilikuwa mezani, kwa hiyo alikuwa na jozi. Karata ya mwisho ikafunguliwa, na Moneymaker hakupata kitu. Akasukuma mbele kila alichokuwa nacho. Farha akafikiri, akamtazama, akafikiri tena. Waliokuwa sebuleni wakitazama rekodi yake walijua kwamba yule mhasibu anadanganya. Walijua na wasiweze kumwambia Farha. Farha akatupa karata zake. Bila kamera, tukio hilo lingeonekana kama mtu mmoja kutupa karata mbili.

Moneymaker aliondoka na dola milioni 2.5, na kituo cha michezo cha ESPN kikarudia kipindi hicho mara nyingi. Mwaka huo washindani walikuwa 839. Mwaka 2004 wakafika 2,576. Mwaka 2005, 5,619. Mwaka 2006, 8,773. Kila mwenye kompyuta alijiona ndiye Moneymaker anayefuata.

Hapo ndipo furaha yangu inapopungua. Kamera iliwaonyesha watu karata, lakini haikuwaonyesha hesabu. Mwaka 2003, katika wale 839, waliolipwa ni 63. Watu 776 walirudi makwao bila senti. Na mtandaoni, kama ilivyo mezani kwenye kasino, fedha ya poka haizaliwi, inahama tu kutoka kwa huyu kwenda kwa yule, na mwenye meza anakata chake njiani. Ukijumlisha waliopata na waliopoteza, jibu huwa chini ya sifuri. Ni kweli kwamba ustadi una nafasi kubwa katika poka, tofauti na mashine za kamari, na bingwa hushinda kwa miaka mingi. Lakini hulishwa na wasiojua.

Mwaka 2006 Marekani ilipitisha sheria ya kuzuia malipo ya kamari za mtandaoni. Aprili 15, 2011 waendesha mashtaka wa New York wakafungua kesi dhidi ya kampuni za poka ya mtandaoni za PokerStars, Full Tilt na Absolute Poker. Ikabainika kwamba Full Tilt haikuwa na fedha za kutosha kuwalipa wateja walioweka akiba zao humo. Mwaka 2012 PokerStars ilikubali kulipa dola milioni 731 kumaliza shauri lake na kuichukua Full Tilt. Mchezo haukufa. Idadi ya wanaoingia leo inazidi ile ya 2006.

Huku kwetu kamari ya simu imeenea, na picha ya mshindi mmoja akishika hundi kubwa inauza kama hadithi ya Moneymaker ilivyouza. Nawaomba wahariri na wenye vituo vya redio na televisheni: kila mnapochapisha au kurusha picha hiyo, wekeni pembeni yake idadi ya waliocheza siku hiyo na jumla ya walichopoteza. Kama kampuni ya kamari haitaki kutoa hesabu hiyo, msiipe nafasi picha yake.