Sinema za Maangamizi na Maji ya Mlima Meru

Mwaka 1962 ilionyeshwa kwa mara ya kwanza sinema ya Kimarekani iitwayo Hatari!, ambayo picha zake nyingi zilipigwa Tanganyika, zikiwamo za Momella chini ya Mlima Meru. Ndani yake watu wanawafukuza faru, twiga na nyati kwa magari ili wawakamate na kuwauza kwa bustani za wanyama za ng'ambo. Nchi inayoonekana ni ya majani na wanyama tele, kana kwamba mali hiyo haina mwisho. Mwaka 2009 Mkenya Wanuri Kahiu alitengeneza sinema fupi iitwayo Pumzi. Humo Afrika Mashariki imekuwa jangwa, na mimea na wanyama wamebaki katika jumba la makumbusho tu.

Sinema hiyo ya pili ni ya kundi linalopendwa sana na vijana, yaani sinema za kubuni za kisayansi zinazotabiri maangamizi. Nyingi kati yake siku hizi huhusu mabadiliko ya tabianchi. Mwalimu na mwanafunzi wa sayansi wana haki ya kuuliza: je, yanayotisha katika picha hizo yana ukweli gani?

Makosa ya muda na kiasi

Kosa la kwanza la sinema hizo ni la muda. Katika The Day After Tomorrow, ya mwaka 2004, mkondo wa Bahari ya Atlantiki unaokwenda kaskazini unasimama, na katika siku chache miji mikubwa inafunikwa na barafu. Ni kweli kwamba mkondo huo hubeba joto kutoka nchi za tropiki, na kwamba kuongezeka kwa joto la dunia kunaweza kuudhoofisha. Lakini mabadiliko ya namna hiyo huchukua miongo mingi au karne, wala si juma moja.

Kosa la pili ni la kiasi. Katika Waterworld, ya mwaka 1995, bahari imefunika karibu nchi kavu yote. Hesabu inakataa. Barafu yote iliyoko duniani ikiyeyuka, usawa wa bahari utapanda kwa meta zipatazo 70. Mji wa Arusha uko kwenye kimo cha meta 1,400 hivi, kwa hiyo hautaguswa na mawimbi. Walio hatarini ni wakazi wa pwani, kama vile Dar es Salaam na Unguja, na kwao hata nusu meta ni msiba.

Hata hivyo, chanzo cha hofu hiyo si cha kubuni. Kabla ya enzi ya viwanda, katika kila chembe milioni moja za hewa zilikuwamo chembe 280 hivi za kabonidayoksaidi. Leo zimepita 420. Gesi hiyo huzuia joto lisipotee angani, na wastani wa joto la dunia umekwisha kupanda kwa zaidi ya nyuzi 1 ya Selsiasi.

Hesabu ya maji

Pumzi haionyeshi wimbi wala tufani. Watu wake, miaka 35 baada ya Vita vya Maji, wanaishi ndani ya jengo lililofungwa. Jasho na mkojo husafishwa na kunywewa tena, na kila tone huhesabiwa. Msichana Asha, mtunzaji wa jumba la makumbusho, anapokea udongo usiojulikana ulikotoka. Anaupima, anaona kwamba una unyevu na hauna mionzi, kisha anapanda mbegu ndani yake. Katika jambo hilo la kuhesabu maji, sinema hii inakaribia zaidi hali halisi ya Arusha.

Mlima Meru, wenye kimo cha zaidi ya meta 4,500, husimama mbele ya pepo zitokazo Bahari ya Hindi. Hewa yenye unyevu hulazimika kupanda, hupoa, na mvua hunyesha kwenye miteremko ya kusini na mashariki. Upande wa pili, kuelekea Oldonyo Sambu na Longido, ni kivuli cha mvua; huko nchi ni kavu. Msitu wa mlimani hunasa matone ya ukungu kwa majani na kuvumwani, na udongo wake hupokea maji polepole. Maji hayo hutokeza chini katika chemchemi na mito, kama Themi na Naura. Hayo ndiyo yanayonywesha mji, migomba na kahawa ya Wameru na Waarusha, kisha huingia katika mto Kikuletwa na kufika bwawa la Nyumba ya Mungu.

Joto linapozidi, hesabu hii huvurugika pande mbili. Kwa kila nyuzi 1 ya Selsiasi, hewa huweza kubeba mvuke zaidi kwa asilimia 7 hivi. Wakati wa kiangazi hewa hiyo huikausha ardhi kwa nguvu zaidi. Na mvua inapokuja, huweza kumwagika kwa wingi katika muda mfupi, ikatiririka juu ya ardhi badala ya kupenya. Ukame wa miaka 2008 na 2009 uliua mifugo mingi Longido na Monduli, na masika ya mwaka 2024 yalileta mafuriko Arusha. Haifai kudai kwamba tukio moja peke yake limeletwa na tabianchi mpya, lakini matukio ya aina hizo mbili ndiyo yanayotarajiwa kuwa makali zaidi.

Tishio lisiloonekana katika picha

Liko pia jambo ambalo watengeneza sinema hawakulibuni. Miamba ya volkano ya Meru ina floraidi. Kadiri maji yanavyokaa ardhini muda mrefu, ndivyo yanavyoiyeyusha zaidi. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita moja, na visima na chemchemi nyingi kuzunguka mlima huo huzidi kiasi hicho. Floraidi nyingi hutia meno rangi ya kahawia na huweza kupinda mifupa ya watoto. Kwa sababu hiyo, chemchemi za juu zikipungua, kuchimba visima virefu zaidi si dawa kamili. Maji yanaweza kupatikana bila ya kuwa salama. Huko Ngurdoto umefanyiwa utafiti wa kuyasafisha kwa mifupa ya ng'ombe iliyochomwa, ambayo hunasa floraidi.

Pumzi nayo hukosea inapomalizikia kwa mti mmoja kuliotesha jangwa. Mti mmoja hauleti mvua. Kazi ni ya msitu mzima. Kilimanjaro yatoa ushahidi. Barafu yake, iliyokuwa na eneo la kilometa za mraba 12 hivi mwaka 1912, sasa haifiki 2, nayo ndiyo hupigwa picha. Lakini uchunguzi wa mwanaikolojia Andreas Hemp ulionyesha kwamba moto uliochoma misitu ya juu tangu mwaka 1976 umepoteza maji mengi zaidi, kwa kuwa ukungu hauna tena majani ya kuunasa. Meru, ambayo haina barafu ya kudumu, yategemea msitu wake zaidi.

Zoezi la darasani

Wanafunzi waitazame sinema yoyote ya aina hii na kujibu maswali matatu. Je, sababu iliyotajwa ipo kweli? Je, kiasi kinakubaliana na hesabu? Je, muda unawezekana?

Kisha watengeneze kipimamvua kwa kopo lenye pande zilizonyooka, na kupima kila asubuhi saa 3. Milimeta 1 ya mvua juu ya meta 1 ya mraba ni lita 1 ya maji. Kwa hiyo paa la shule lenye meta za mraba 100 hupokea lita 1,000 mvua ya milimeta 10 inaponyesha. Wahesabu ni kiasi gani kilichopotea katika mitaro kwa muhula mmoja, na kingetosha wanafunzi wangapi.