Kabureta ya Uongo

Mtu akiitazama Triumph Bonneville T120 ya mwaka 2016 kwa ubavuni, ataona kabureta mbili za mtindo wa Amal, zile zilizokuwa kwenye pikipiki za Uingereza miaka ya 1960. Si kabureta. Ndani ya maumbo hayo kuna mfumo wa kupuliza petroli unaoongozwa na kompyuta. Bomba la moshi nalo lina ujanja wake: kwa macho linanyooka kutoka kwenye silinda hadi kwenye sailensa, kumbe moshi huteremshwa kwanza kwenye sanduku la kuusafisha lililofichwa chini ya injini, kisha hurudishwa bombani. Hata rejeta imefanywa ndogo na kubanwa kati ya vyuma viwili vya mbele vya fremu.

Kiwanda kinajua kinachouza. Bonneville ya kwanza ilitoka 1959, ikapewa jina la nyanda za chumvi za Utah, Marekani, ambako mwaka 1956 Johnny Allen alifikia kilomita 345 hivi kwa saa katika chombo chenye injini ya Triumph. Shirikisho la kimataifa la pikipiki halikuitambua rekodi hiyo. Triumph haikujali, ililichukua jina. Kiwanda cha Triumph cha Meriden kilipofungwa 1983, John Bloor, tajiri wa ujenzi wa nyumba, alilinunua jina la Triumph, na Bonneville mpya ya cc 790 ikaingia sokoni kama toleo la 2001.

Wengi wanaonunua pikipiki za namna hii na kuzigeuza wapendavyo hufuata vijana waliokusanyika Ace Cafe, London, enzi za rock and roll. Wale walishusha usukani, wakatupa kila kilichoongeza uzito, na wengine wakapachika injini ya Triumph kwenye fremu ya Norton, pikipiki iliyoitwa Triton. Kazi ile ilihitaji spana na mkono mzuri wa kuchomelea, kwani nyaya zenyewe zilikuwa chache.

Leo nyaya ndizo kazi. Cha kwanza kung'olewa huwa madigadi ya nyuma, na indiketa kubwa huondoka nayo. Fundi anafunga vijitaa vya LED visivyozidi kidole gumba, anawasha, na taa zinapepesa mbiombio. Hakuna kilichoharibika. LED inakula umeme kidogo mno, kwa hiyo fleshi ya zamani, kifaa kinachozipepesa taa, inadhani balbu moja imeungua. Atafunga fleshi ya kielektroniki, au aongeze resista.

Kishawishi kikubwa zaidi ni sanduku la chujio la hewa. Likitolewa, chini ya kiti hubaki uwazi mzuri wa kupigia picha. Lakini injini sasa inavuta hewa nyingi mno kwa petroli inayopata: yenye kabureta itataka jeti kubwa zaidi, na yenye kompyuta itataka programu yake ipangwe upya. Anayekwenda nayo kazini kila siku afadhali aliache sanduku lake mahali pake.

BMW ilipotoa R nineT mwaka 2013, ilirahisisha mambo mapema: nyaya za injini zilitenganishwa na za taa, na fremu ya nyuma ikafungwa kwa boliti. Mwenye kutaka kiti cha mtu mmoja hana haja ya grinda. Anafungua boliti, anaweka kipande stoo, na siku akitaka kubeba abiria anakirudisha.